Somo la Nane: Kuhesabu Siku Katika Nyumba ya Kazi Ugenini

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukusanyika, na mwandishi wa kikundi amekaa karibu na redio, daftari na kalamu mkononi. Katika somo la saba tulijifunza kuandika barua ya kuomba kazi. Leo tutakwenda mbele kidogo. Tutaitazama kazi ambayo mabinti wengi wa Kenya, Tanzania na Uganda huifuata ng'ambo, yaani kazi ya kumtumikia mtu nyumbani mwake na kulala humo humo. Tutazungumza hasa juu ya nchi za Ghuba: Saudi Arabia, Omani, Kuwait, Qatar, Bahrain na Falme za Kiarabu.

Habari za kazi hii si ngeni mitaani kwetu. Yuko aliyerudi akawajengea wazazi wake nyumba ya matofali na kumsomesha mdogo wake. Yuko aliyerudi na begi lile lile aliloondoka nalo. Tena wako jamaa waliokwenda uwanja wa ndege kupokea jeneza. Kwa hiyo mwalimu hawezi kuwaambia "Nendeni", wala hawezi kuwaambia "Msiende". Kila mtu aijua haja yake. Kazi ya mwalimu ni kueleza mambo yalivyo, ili anayekwenda ajue aendako, na mzazi anayemtuma binti yake ajue anamtuma wapi.

Jambo kuu la leo ni moja, na mwandishi aliandike juu ya ukurasa: Alalaye katika nyumba anamofanyia kazi hapigiwi kengele, yampasa kujihesabia mwenyewe.

Maana yake ni nini? Mtu wa kiwandani husikia kengele, akavua nguo za kazi akaenda zake. Mkulima jua likichwa hubeba jembe lake akarudi kwake. Lakini mtumishi wa nyumbani, akisha kuosha sahani ya mwisho, huenda chumba cha pili tu. Yuko pale pale. Mtoto akilia usiku, yeye husikia. Mgeni akibisha hodi, yeye huamshwa. Saa za kazi na saa za kupumzika zachanganyika kama maji na maziwa, na asipokuwapo wa kuzitenganisha, zote huwa za kazi.

Haya, tuifuate siku moja. Tuseme ni binti wa miaka 25 kutoka kwetu, ameajiriwa katika nyumba ya baba, mama, watoto wanne na bibi mzee. Jina simpi, kwa sababu ni mfano tu.

Kwanza tusahihishe saa. Sisi twahesabu saa tangu jua linapochomoza. Wenzetu wale huhesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Basi akiambiwa kwa Kiarabu au kwa Kiingereza aamke saa tano asubuhi, maana yake ni saa 11 alfajiri ya kwetu. Wako walioamka wakati jua limekwisha kuwa kali, wakagombezwa, nao hawajui kosa lao. Tena Saudi Arabia, Kuwait, Qatar na Bahrain zina majira sawa na ya Afrika Mashariki, bali Omani na Falme za Kiarabu zimetutangulia kwa saa moja. Nyinyi mlio nyumbani mkumbuke hayo mnapopiga simu. Katika somo hili saa zote ni za Kiswahili.

Saa 11 alfajiri binti yetu yuko jikoni. Shule za huko huanza mapema, kwa hiyo watoto wanne waamshwe, waoshwe, wavikwe, walishwe, na kila mmoja atiliwe chakula chake katika mkoba. Wakisha kuondoka, kazi ya kusafisha huanza. Nyumba nyingi ni kubwa, zina ghorofa mbili au zaidi, na vyoo kadha wa kadha. Vumbi la jangwani ni laini kama unga, huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Nyumba iliyopigwa deki jana hupigwa tena leo. Wakati wa joto nje hupita digrii 40, na mtu asiyezoea huona kichwa kikizunguka kwa kufagia ua tu. Basi anywe maji hata kabla ya kuona kiu, na kazi za nje azifanye alfajiri au jioni, akiruhusiwa.

Hapa niongeze neno moja juu ya dawa za kusafishia. Dawa ya klorini isichanganywe hata kidogo na tindikali ya kusafishia choo, wala na dawa yenye amonia. Zikichanganyika hutoa hewa ya sumu, na katika choo kisicho na dirisha hewa hiyo yaweza kuua. Atumie moja, asuuze kwa maji mengi, afungue mlango, ndipo atumie nyingine.

Chakula kikubwa ni cha mchana, watoto wakisha kurudi. Mara nyingi ni wali kwa nyama au samaki, uliopakuliwa katika sinia moja. Baada ya kula, nyumba nzima hulala. Mtumishi ndiye anayebaki na masufuria. Akisha kuyaosha na kula chakula chake, aweza kupata saa mbili za kujinyosha. Nyumba nyingine hupata moja. Nyumba nyingine hapati hata hiyo, kwa sababu nguo za kupiga pasi zimemngoja.

Jioni huja wageni. Kahawa ya Ghuba si kama ile ya kwetu: rangi yake ni ya manjano, ina iliki, na huliwa pamoja na tende. Mdila hushikwa kwa mkono wa kushoto, finjani hutolewa kwa mkono wa kulia. Haijazwi, hutiwa kidogo tu, mgeni akimaliza huongezwa, na akitikisa finjani maana yake ametosheka. Binti wa pwani hujifunza hayo kwa siku moja. Lakini wageni wakikaa mpaka saa 4 usiku, yeye naye husimama mpaka saa 4 usiku. Kisha vyombo, kisha watoto kulala, kisha bibi mzee kupewa dawa. Saa 5 usiku anaweka kichwa juu ya mto.

Mwezi wa Ramadhani mambo hupinduka. Mchana nyumba huwa kimya, usiku ndio mchana. Mapishi ya futari, wageni baada ya tarawehe, kisha daku. Mtumishi anayelala usiku wa manane na kuamshwa kupika daku aweza kumaliza mwezi akiwa mgonjwa, asipopewa nafasi ya kulala mchana. Jambo hili yafaa alizungumze na mama wa nyumba kabla mwezi haujaandama, kwa upole na kwa heshima. Anayeomba mapema husikilizwa zaidi ya anayelalamika akiwa amechoka.

Sasa tufanye hesabu. Kila kikundi kichukue kalamu. Kutoka saa 11 alfajiri mpaka saa 5 usiku ni saa 18. Tutoe saa 2 za kujinyosha mchana na saa 1 ya kula na kusali. Zabaki saa ngapi? Zabaki saa 15.

Je, sheria zasemaje? Sheria ya Qatar ya mwaka 2017 juu ya watumishi wa nyumbani yasema saa 10 kwa siku, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Na siku moja nzima ya mapumziko kila wiki, yenye malipo. Sheria ya Kuwait ya mwaka 2015 haizidishi saa 12, nayo pia yatoa siku ya mapumziko ya wiki, likizo ya siku 30 kwa mwaka, na mwisho wa mkataba mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2022 yataka mtumishi apumzike saa 12 kwa siku, na katika hizo saa 8 ziwe mfululizo. Saudi Arabia ilitoa kanuni zake mwaka 2013 na kuzibadilisha baadaye, na humo siku ya mapumziko ya wiki imo.

Tutumie ile ya Qatar ya saa 10. Saa 15 toa 10, zimezidi 5. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, 5 mara 26 ni 130. Saa 130 ugawe kwa 10, ni siku 13. Yaani binti yetu kila mwezi ametoa siku 13 za kazi zisizoandikwa popote. Mwaka ukiisha zimekuwa siku 156. Ndugu zangu, tazameni hesabu hiyo vizuri. Haikuibwa kwa upanga. Imechukuliwa kidogo kidogo, dakika 10 hapa, nusu saa pale, na wala mwenye kuichukua huenda hajui kwamba amechukua.

Ndiyo sababu somo hili limo katika masomo ya watu wazima. Kusoma, kuandika na kuhesabu tunakojifunza hapa ni silaha ya mtumishi wa ugenini. Awe na daftari dogo, lenye safu tano: tarehe, saa ya kuamka, saa ya kulala, mapumziko, fedha nilizopokea. Aandike kila usiku kabla ya kulala. Mistari hiyo haichukui zaidi ya dakika 3. Na kila mwisho wa mwezi aipige picha kwa simu, ampelekee ndugu mmoja mwaminifu nyumbani.

Mtu aweza kuuliza, "Mwalimu, daftari litafungua mlango uliofungwa kwa kufuli?" Hasha, halifungui. Kuna nyumba ambamo mtumishi hupigwa, hunyang'anywa simu, au hukaa miezi bila mshahara, na huko haja ya kwanza ni kutoka salama, si kuandika. Lakini siku atakapofika mbele ya ofisi ya kazi au ubalozi wa nchi yake, ataulizwa: ulianza lini, umelipwa miezi mingapi, unadai kiasi gani? Asemaye "Walinitesa sana, sikumbuki" huhurumiwa. Asemaye "Nilianza tarehe hii, nimelipwa miezi 7, nadai miezi 4, na hii hapa orodha" hupata mahali pa kuanzia madai yake.

Sasa tuje kwenye jambo gumu kuliko saa, nalo ni undugu. Katika nyumba za Ghuba mtumishi huwaita waajiri wake Mama na Baba. Katika Omani mna familia nyingi zilizokuwa na asili ya kuishi Unguja na pwani ya Afrika Mashariki, na wazee wao mpaka leo huzungumza Kiswahili kizuri. Binti akifika Muscat akakaribishwa kwa Kiswahili, akaambiwa "Wewe ni mwanetu", moyo wake hutulia. Na mara nyingi maneno hayo hutoka moyoni kweli. Wako waajiri waliomuuguza mtumishi kama mtoto wao, wakamlipia tikiti ya kwenda kuzika mzazi. Tusiwavike watu wote kanzu moja.

Lakini tusikilizane hapa. Mwana wa nyumba hana mshahara, hana siku ya mapumziko, wala haombi ruhusa ya kwenda kwao. Binti akiambiwa "Mshahara wa mwezi huu tukuwekee, wewe si mgeni", anaona haya kukataa. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Mwezi wa sita anaona haya zaidi, kwa sababu sasa fedha ni nyingi. Waswahili tumefundishwa tangu utotoni kutomdai mtu mzima anayetulisha, na adabu hiyo ni njema. Lakini mshahara si zawadi wala si mkopo. Ni haki ya jasho. Na neno "haki" wenyeji wa kule walijua sana, maana limetoka katika lugha yao. Yafaa binti aseme hivi: "Mama, nashukuru kwa wema wako. Naomba mshahara wangu unipe kila mwezi, kwa sababu wazazi wangu wanautegemea." Hakuna ukosefu wa adabu katika maneno hayo. Bora ayaseme mwezi wa kwanza, wakati fedha ni kidogo na urafiki ni mpya.

Kadhalika watoto. Mtumishi aliyemlea mtoto tangu miezi 3 mpaka miaka 2 humpenda, na mtoto humlilia yeye kabla ya mama yake. Siku ya kuagana ni nzito. Wako walioongeza mkataba si kwa ajili ya fedha, bali kwa sababu ya mtoto, huku watoto wao wenyewe wakilelewa na bibi kijijini. Hili halina sheria. Nalitaja ili mnaobaki nyumbani mfahamu kwamba anayewapelekea fedha anabeba mizigo miwili. Mkipigiwa simu, msianze na "Ada ya shule imekwisha". Anzeni na "Umelala vizuri?"

Lugha nayo yataka maandalizi. Habari njema ni kwamba msikilizaji amekwisha kuwa na akiba ya maneno bila kujua. Sabuni, sukari, chai, kahawa, samaki, sahani, dawa, safari, hesabu: akiyasikia kwa Kiarabu atayatambua. Lakini mengine humpoteza. Ukisema "karibu", Mwarabu husikia "iliyo jirani", si neno la kumpokea mgeni. Basi ajifunze kabla ya kuondoka maneno machache ya kazi: moya ni maji, halibu ni maziwa, hubzi ni mkate, bukra ni kesho. Na manne ya haki zake: ratibu ni mshahara, akdi ni mkataba, jawazi ni pasi ya kusafiria, ijaza ni likizo. Haya manne ayajue kama jina lake.

Sasa tufike penye karatasi, kabla ya kupanda ndege. Jambo la kwanza ni fedha yenyewe. Wakala akisema "Utalipwa riali", ulizeni: riali ya nchi gani? Dola moja ya Marekani ni riali 3.75 za Saudi Arabia. Bali riali moja ya Omani ni kama dola 2.60. Yaani riali moja ya Omani inakaribia riali 10 za Saudi Arabia. Jina ni moja, thamani ni mbalimbali. Katika Qatar mshahara wa chini tangu Machi 2021 umewekwa riali 1,000 za nchi hiyo kwa mwezi, na watumishi wa nyumbani wamo.

La pili ni mdhamini. Katika nchi za Ghuba ruhusa ya mgeni kukaa nchini imefungamana na mwajiri aliyemleta, na utaratibu huo huitwa kafala. Nchi kadhaa zimeulegeza, lakini mtumishi akitoka nyumbani bila kufuata njia, mwajiri aweza kuandikisha kwamba ametoroka, na kuanzia hapo mashaka huanza. Kwa hiyo asitoke kwa hasira kwenda kwa rafiki anayemwahidi kazi nyingine. Akiwa hatarini, aende ubalozini au polisi, na aseme wazi kwamba amekuja kushtaki.

La tatu ni pasi ya kusafiria. Mkataba wa Kimataifa namba 189 juu ya kazi za nyumbani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, wasema mtumishi ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe, na siku yake ya mapumziko halazimiki kubaki nyumbani kwa mwajiri. Mkataba huo hufunga nchi zilizouridhia tu. Lakini hata sheria ya Kuwait yamkataza mwajiri kushika pasi ya mtumishi bila ridhaa yake. Angalieni neno hilo "ridhaa". Ndiyo sababu asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Aache nyumbani nakala ya pasi, nakala ya mkataba, jina la wakala, na jina na anwani ya mwajiri. Namba ya simu ya ubalozi na ya ndugu mmoja aziweke kichwani, si ndani ya simu tu, maana simu hupotea na hunyang'anywa.

La nne ni wakala mwenyewe. Kabla ya kumpa mtu shilingi hata moja, ulizeni katika ofisi ya serikali kama ameandikishwa. Kenya mamlaka ya ajira ya taifa huandikisha mawakala, na Tanzania ulizeni katika ofisi ya serikali inayohusika na ajira. Wakala anayesema "Mkataba utauona ukifika" amekwisha kusema yote. Haraka haraka haina baraka, na mkataba usiosomwa ni haraka ya hatari kuliko zote.

Basi, ndugu wasikilizaji, tumeona kwamba kazi hii ni kazi kama kazi nyingine, yenye heshima yake na hesabu yake. Anayeifanya anastahili vyote viwili.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi ni haya:

1. Binti anaamka saa 11 alfajiri na kulala saa 4 usiku, naye hupumzika jumla ya saa 4. Amefanya kazi saa ngapi? Zimezidi saa 10 kwa kiasi gani?

2. Mshahara ni riali 900 za Saudi Arabia kwa mwezi. Mkataba ni wa miezi 24, na amelipwa miezi 19. Anadai riali ngapi?

3. Mwajiri mwema amesema, "Wewe ni mwanetu, fedha zako tutakuwekea." Mtamshauri binti ajibu nini, bila kuvunja adabu na bila kupoteza haki yake?

4. Katika mtaa wenu, ni nani ajuaye mahali walipo mabinti waliokwenda ng'ambo? Je, nakala za mikataba yao ziko kwa nani?

Swali la nne msilipite haraka. Kabla ya somo la wiki ijayo, kila kikundi kiandike orodha ya mabinti wa mtaa wao walioko ng'ambo, nchi waliko, na tarehe waliyopiga simu mara ya mwisho. Pale ambapo tarehe hiyo imepita mwezi mzima, mtu mmoja wa kikundi aende akaonane na wazazi.

Katika somo la tisa tutajifunza kusoma mkataba, kifungu kwa kifungu. Mpaka hapo, kwaherini.